Mkaguzi wa Mizani Aliyepelekwa Stoo

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, wasiwasi wetu ni goti lako na zile ngazi za mbele ya mlango wako. Baba kaniambia ulianguka ukikataa kushikwa mkono. Nikamwambia kosa ni lake, angekukataza kusimama, ungesimama wima mpaka leo.

Nakuandikia kwa sababu najua hupendi simu. Unasema maneno yake hayawekeki kwenye faili.

Mjukuu wako ametoa meno mawili ya chini na anauma kila kinachopita karibu. Baba yake, mwalimu wetu wa hesabu, alikwenda kufundisha akiwa na alama ya meno shingoni, wanafunzi wakamaliza kipindi kizima wakiichunguza. Jina tulilompa mtoto limebaki kwenye cheti tu. Mtaa mzima unamwita Kilo, kwa ajili ya kazi ya mama yake, na kwa sababu ukimbeba mwenyewe unajua. Sasa anakaa bila kushikwa. Akianguka anatazama kwanza kama kuna mtu, ndipo aamue kama analia.

Likizo ya uzazi imekwisha, nimerudi kazini. Kazi inaendelea vizuri. Kwa sasa niko stoo, kwa muda tu.

Mwalimu anakusalimu sana. Anauliza kama yale mafumbo ya hesabu aliyokutumia umeyamaliza au umeyachoma.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti langu lina tabia za mdogo wangu, baba yako: linalalamika kuliko linavyouma. Mwambie mwalimu mafumbo yake nimeyamaliza, na la nne amelikosea yeye. Kilo mpe kitu kigumu cha kutafuna, mwalimu tunamhitaji.

Sasa nisikilize. Umeandika meno, umeandika shingo ya mwalimu, umeandika mtoto anavyoanguka. Kazi umeipa mistari miwili. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa serikali miaka ishirini na saba. Mtu akiruka mstari mimi namwona. Wewe ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Ulisomea miaka mitatu ili ujue kama kilo ya muuza nyama ni kilo kweli. Unafanya nini stoo? Nani kakuweka? Mpaka lini?

Jibu kwa mpangilio huo.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu Kilo alikuwa na homa siku nne. Sasa amepona na amerudia kuuma.

Nakujibu kwa mpangilio wako.

Stoo nahesabu. Kuna mawe ya mizani mabovu, mihuri iliyokufa, mabunda ya fomu ambazo hazitumiki tena na ngazi moja isiyofika popote. Nahesabu, naandika, mwisho wa wiki naambiwa nihesabu upya. Wiki iliyopita niliongeza mende wawili kwenye orodha, nione kama kuna anayesoma. Hakuna anayesoma.

Aliyeniweka ni mkuu wa kitengo. Sisi tunamwita Bwana Tai. Wengine wanasema ni kwa sababu ya tai anazovaa, wengine wanasema ni yule ndege. Nafasi yangu ya kwenda masokoni kampa mwenzetu mmoja tunayemwita Mrefu, ambaye mwenyewe nilimfundisha kufunga lakiri, ile alama ya risasi kwenye mizani iliyokaguliwa. Kwenye kikao cha asubuhi Bwana Tai alisema mbele ya wote kwamba mama anayenyonyesha hapandi gari la kazi, maziwa yatakuwa siagi kabla ya kufika sokoni. Watu wakacheka, wengine wakitazama viatu vyao. Tangu siku hiyo, nikipita koridoni ananiita Siagi.

Mpaka lini, sijui. Nimeuliza mara tatu. Jibu lake ni kwamba anaangalia afya yangu.

Mwalimu ananishauri nivumilie mpaka Kilo aache kunyonya. Mimi nafikiria kuacha kazi. Naweza kufundisha, naweza kufuga kuku, hata kuku wana mizani yao. Tafadhali usimwambie baba. Unamjua.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika asubuhi na ninajibu kabla chai haijapoa, ujue nimekasirika kiasi gani.

Kuku sahau. Ukiacha kazi, Bwana Tai atasema aliona tangu mwanzo kwamba huiwezi.

Chukua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, maneno aliyosema na nani alikuwepo. Usiandike kwamba alikudhalilisha. Andika alichosema, anayesoma atajua mwenyewe kinaitwa nini. Mimi nimewapigia chapa watu malalamiko mengi sana, na yaliyofika mbali yalikuwa yale yasiyo na kelele. Mengine yalikuwa na "ukatili usiomithilika" kila mstari, wakubwa wakayasoma kama mashairi na kuyaweka kando. Ukimaliza niletee, nitayapiga chapa kwa taipureta yangu. Ina herufi moja inayoruka, lakini hakimu hahukumu herufi.

Tarehe uliyopelekwa stoo inafuata tarehe gani? Mtu hanyimwi kazi bure. Aliyenyimwa, kuna kitu alikikataa. Umeruka mstari tena.

Usiniulize najuaje.

Baba yako sijamwambia. Aliniuliza kama hujambo, nikasema una kazi nyingi ya kuhesabu.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari za huku ni nzuri, na kuna moja lazima nikusimulie, ucheke.

Nilifuata utaratibu. Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema malalamiko ya watumishi yawekwe kwenye sanduku lililo karibu na ngazi. Nikaandika ukurasa mmoja, nikautumbukiza. Wiki ikapita. Nikamuuliza tarishi wetu, mzee ambaye amebakiza miezi michache astaafu, sanduku linafunguliwa siku gani.

Akaniambia, "Binti, hilo halifunguliwi. Ufunguo ulipotea enzi za mkuu wa kabla ya yule aliyepita."

"Sasa barua zetu zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda mle."

Akaniangalia, akaenda akarudi na bisibisi. Tulifungua mchana kweupe, mbele ya watu wa mapokezi, na hakuna aliyetuzuia. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu, kwa bahati wenyewe wamehama. Mlikuwa na barua kumi na saba. Moja ililalamikia taa ya chooni ambayo imeshabadilishwa mara nne. Moja ilikuwa kadi ya kualikwa harusi, na maharusi hao sasa wana watoto watatu.

Lakini tatu zilimhusu Bwana Tai, Shangazi, ukiacha yangu. Mbili hazikuwa na jina. Moja ilikuwa na jina la karani wa masjala, mama mpole anayetunza mafaili yetu. Aliiandika miaka miwili iliyopita. Nilimpelekea mkononi. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Na wewe ni Jumamosi?"

Nikamwambia ndiyo.

Naambatanisha ukurasa wangu wa kwanza, uupige chapa. Swali lako nimelisoma.

Mwanao

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi unakaribia kwisha tangu nikuandikie, na wewe hujawahi kuzidisha siku kumi na tano. Baba anasema goti ni zima na kwamba unafagia uwanja mara mbili kwa siku. Unapofagia mara mbili huwa kuna jambo. Kama nimekuudhi kwa kutokujibu, niambie. Kilo anatambaa, ila anarudi nyuma. Anataka kitu kilicho mbele yake, anakazana, anazidi kukiacha.

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hukuniudhi. Nilikuandikia mara nne nikachana mara nne, na mimi sipendi kupoteza karatasi. Hii ya tano itafika hivyohivyo ilivyo.

Nilikuuliza ulikataa nini, nikakuambia usiniulize najuaje. Si haki kumtaka mtu afungue mlango wake, wako umeufunga. Kwa hiyo soma.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa mpiga chapa wa kwanza pale wizarani. Barua za wakubwa zilikuwa zinanisubiri mimi. Mkubwa wangu alianza kuniomba nibaki baada ya kazi. Barua za kunifanya nibaki hazikuwepo. Siku aliyofunga mlango nilimwambia nitapiga kelele mpaka walinzi wa ng'ambo ya barabara waje, naye alijua nina sauti. Akafungua. Wiki iliyofuata nilihamishiwa chumba cha mwisho wa koridoni, kupiga chapa lebo za mafaili. Jina la faili, namba ya faili. Miaka sita.

Nyumbani nilisema nimepandishwa cheo, nimepewa chumba changu mwenyewe. Watu walifurahi. Baba yako ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi ya ushonaji, akanishonea pazia la dirisha la ofisi yangu mpya, la maua, lenye marinda. Chumba hakikuwa na dirisha. Nilipokea pazia, nikashukuru, nikalitundika ukutani. Miaka sita nilikuwa na pazia lisilofunika kitu. Walioingia walidhani nina dirisha na sipendi mwanga.

Malalamiko ya wengine nimeyapiga chapa kwa vidole hivi. Yangu sikuyaandika hata mstari. Nilijiambia nina aibu. Sasa ni mzee, naona aibu haikuwa yangu, nilikuwa nimeishikia mtu mwingine.

Cheka hapo kwenye pazia, nimekuruhusu. Mimi mwenyewe nimecheka, ndiyo maana nimeweza kumaliza.

Ukurasa wako huu hapa, umepigwa chapa. Nimeacha nafasi chini.

Shangazi yako

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea stoo, juu ya ile ngazi isiyofika popote. Kwenye pazia nililia kwanza, kicheko kilikuja baadaye. Nikashuka nikaijaza ile nafasi uliyoacha. Nakunakilia nilichoandika, na sikuweka kelele:

"Tarehe 9 Januari, saa nane na robo mchana, ofisini kwake, mkuu wa kitengo alinishika kiunoni. Alisema: Kazi za nje zipo, inategemea wewe. Njoo Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, tuzungumze. Nilitoa mkono wake. Nilimjibu kwamba Jumamosi nafua nepi. Jumatatu, tarehe 12 Januari, nilipewa barua ya kwenda stoo."

Mwalimu nilimwambia siku hiyohiyo. Akasema, "Mimi nilikuambia uvumilie." Nikamwambia hakujua. Akasema, "Sikuuliza pia." Tangu hapo nepi anafua yeye, na Jumamosi anazianika mbele kabisa, mtaa mzima uone.

Karani wa masjala ameandika yake. Yeye alinyimwa mafunzo mara mbili baada ya kuikataa Jumamosi yake. Mkaguzi mwenzangu mmoja wa kike naye ameandika. Safari hii hatukutumia sanduku. Tulikwenda wenyewe kwenye tume ya utumishi, tukapewa nakala zilizogongwa mhuri. Mimi na mihuri ni watu wa kazi moja, lakini ule niliutazama njia nzima.

Tangu apate taarifa, Bwana Tai amekuwa na adabu ya kutisha. Ananifungulia mlango. Jana aliagiza soda kwa kitengo kizima. Niliipokea yangu nikaiandika kwenye daftari: tarehe, saa, ladha.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo ndiyo kazi. Hapo kwenye nepi ningekuwa bado mpiga chapa wizarani, ningepiga nakala sita badala ya tatu, nibaki na zangu.

Soda usinywe tena. Leo soda, kesho atasema mlikuwa marafiki. Na usitembee peke yako koridoni, tembea na yule wa masjala. Watakuja watu wazuri kukuambia umsamehe kwa sababu ana familia. Waambie na wewe unayo, inauma.

Mimi goti linanikataza safari. Siku ya kikao nitakaa mezani na saa.

Shangazi yako

23 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Kikao kimefanyika Alhamisi. Nilichelewa kukuandikia kwa siku mbili kwa sababu nililala. Mwalimu anasema nililala kama gunia lililokwisha kupimwa.

Walikuwa wajumbe watatu, mwenyekiti mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, kila karatasi imewekewa jiwe juu. Bwana Tai alivaa tai ya bluu. Akaeleza kwa sauti ya upole kwamba yote aliyafanya kwa kunionea huruma, kwa vile nanyonyesha na gari la kazi linatikisa.

Mwenyekiti akamuuliza, "Ulimuuliza kama anatikisika?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilitumia busara."

"Karani wa masjala hanyonyeshi, mwanawe wa mwisho yuko chuo. Yeye ulimwonea huruma ya nini?"

Akanywa maji. Akasema labda utani wake haukueleweka, maana yeye ni mtu wa utani.

Mwenyekiti akavua miwani. "Utani unachekwa na wawili. Hapa nina barua tatu za wanawake watatu, hawajaonyeshana, na zote zina Jumamosi. Nani kati yao alicheka?"

Bwana Tai akainyoosha tai yake.

Kisha wakamwita shahidi nisiyemtarajia: Mrefu, yule aliyepewa nafasi yangu. Nilidhani amekuja kumtetea bosi, nikajiandaa kumchukia. Akasimama, kichwa karibu kiguse feni, akasema, "Mimi nilikuwa nje ya mlango tarehe 9 Januari, nasubiri saini. Mlango haukufungwa vizuri. Nimesikia kazi za nje, nimesikia Jumamosi, nimesikia nepi. Jumatatu nikapewa kazi ya dada huyu. Nikaipokea nikakaa kimya miezi saba, kwa sababu naipenda. Nimechoka kuipenda hivyo."

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alikuwa ananiogopa mimi kuliko Bwana Tai. Nilimfundisha kazi kwa ukali, kumbe.

Uamuzi bado. Lakini nimesema kila kitu kwa sauti, mbele ya watu, na sauti haikutetemeka ila mara moja, kwenye neno "kiunoni".

Mwanao

17 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Kilo ametembea. Hatua tano, kutoka kwenye kiti hadi kwenye suruali ya baba yake, kisha akaiuma.

Na uamuzi umetoka. Bwana Tai ameshushwa cheo, amehamishwa, na hatasimamia watumishi tena. Ana onyo kali kwenye faili lake. Nilitaka afukuzwe, sikufichi. Hakufukuzwa. Kuna watu wawili ofisini hawaniitikii salamu, na mmoja wao ni mwanamke, ndiyo inayouma. Karani wa masjala amepelekwa mafunzo. Malalamiko sasa yanapokelewa dirishani na kuandikwa kwenye kitabu.

Mimi nimerudi sokoni. Nilikwenda na Mrefu, tumegawana mitaa. Gari lilitikisa kweli, lakini maziwa hayakuwa siagi. Mwanamke muuza maharage aliponiona akamwambia jirani yake, "Yule wa mawe amerudi. Tengeneza mizani yako." Jirani akasema mizani yake ni mizima. Nikaweka jiwe la kilo tano. Mizani ikasema nne na robo tatu.

"Inakupunja wewe mwenyewe," nikamwambia. "Tangu lini?"

Akafikiria. "Tangu waanze kuja wale wasiopima. Walikuwa wanagonga mhuri na kuondoka."

Tulichuchumaa pale nusu saa, mimi na yeye, tukarekebisha springi. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Shangazi, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiweka kwenye daftari.

Sasa kuhusu baba. Kwa kuwa mambo yamekwisha, nataka ajue yangu. Yako ni yako, sitaigusa.

Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera, na mwambie Kilo bibi yake anahesabu hatua. Kuhusu hao wawili, endelea kuwasalimu. Salamu haiozi, na siku moja mmoja wao atakuja dirishani na karatasi mkononi.

Baba yako nimemwambia. Nilianza na yako, nikamsomea barua zako zote tangu ya meno. Alikuwa anatia sindano uzi, akaacha. Kwenye mende alicheka. Kwenye kiunoni alisimama akatafuta viatu. Nikamwambia, "Kaa, ameshamaliza mwenyewe." Akakaa.

Halafu nikaona nimekuambia wewe, siwezi kumruka yeye. Nikamwambia yangu.

Aliichomeka sindano kwenye kola. Kisha akasema, "Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda kumpiga."

"Ningekwenda."

"Ndiyo sababu."

Akasema, "Basi ungeniambia hivyo: kuna jambo, na usiende. Ningekaa nawe tu." Mwanangu, miaka yote ile sikuwahi kufikiria kwamba kuna kukaa tu.

Sasa anakuja kila jioni, anakaa. Hatuongelei hayo. Ananisomea gazeti kwa kukosea, namsahihisha. Nimemwambia nakuandikia, akasema na yeye anataka mistari. Nampa kalamu.

Shangazi yako

Mwanangu, ni mimi baba yako. Dada kanipa mistari minne na ananichungulia begani. Nitakuja wiki ijayo, siku ya soko, nikuone ukifanya kazi. Nitasimama kwa wauza vitambaa nijifanye nachagua. Usinisalimie mpaka umalize kupima.